Siku Tatu Bagamoyo kwa Watu Sita: Tathmini ya Likizo Iliyogharimu Chini ya Nusu Milioni

Shule zilipofungwa mwezi Juni tulikuwa watu sita wenye matakwa yasiyofanana. Mimi na mke wangu tulitaka kupumzika. Mama yangu mzazi, ambaye magoti yake hayapatani na ngazi, alitaka mahali penye kivuli na samaki wa siku hiyo hiyo. Binti yetu wa miaka 12 alitaka kupiga picha, mdogo wake wa miaka 9 alitaka kujua sababu ya kila kitu, na kitindamimba wa miaka 4 alitaka maji tu. Fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa shilingi 500,000, na tulikubaliana kwamba ikiisha, likizo nayo imeisha, wala hakuna kukopa kwenye simu. Nauli za kwenda mikoani kwa watu sita zingeimaliza nusu yake kabla hatujatia mguu popote. Ndipo tukachagua Bagamoyo, mji ulioko kiasi cha kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, ambao kila mkazi wa jiji hili anaujua kwa jina na wengi wameuona kwa saa tano au sita tu.

Nitangulize hukumu yangu ili msomaji mwenye haraka aondoke nayo. Bagamoyo inafaa sana kwa familia yenye watoto wa shule na mzee mmoja, kwa sharti kwamba mlale huko angalau usiku mbili, mwende katikati ya juma, na mpange siku zenu kwa kufuata maji ya bahari badala ya kufuata saa za hoteli. Haimfai mtu anayetafuta mchanga mweupe na maji yanayoonyesha nyayo, kwa sababu Mto Ruvu unamwaga maji yake baharini jirani tu upande wa kaskazini, na udongo unaoletwa na mto huo huifanya bahari ya hapo iwe na rangi ya chai ya maziwa. Anayetaka maji ya buluu avuke kwenda Unguja na alipe bei ya Unguja.

Watu wengi wa Dar es Salaam huenda Bagamoyo asubuhi ya Jumamosi na kurudi jioni. Nimefanya hivyo mara mbili miaka ya nyuma, na sasa ninaamini kwamba ndiyo njia mbaya kuliko zote za kuuona mji ule. Unafika saa tano ukiwa umechoka na foleni, unakutana na muziki wa kushindana kutoka kila upande wa ufukwe, unalipia meza na soda kwa bei ya mwisho wa juma, na unaondoka kabla samaki hawajaanza kushushwa. Mji wenyewe, ule wa alfajiri na wa magharibi, hujauona. Ukijumlisha mafuta ya gari, chakula cha ufukweni na vinywaji vya watu sita, utakuta umetumia fedha ambayo, kwa nyongeza si kubwa, ingewalaza wote.

Sisi tuliondoka Jumatatu. Tulichukua bajaji mbili kutoka nyumbani hadi kituo cha Makumbusho, kila moja kwa shilingi 5,000, kisha tukapanda basi dogo la Bagamoyo kwa shilingi 3,500 kwa kila kiti. Tulilipia viti vitano, kitindamimba alipakatwa. Nilikuwa nimeulizia Noah ya kukodi, nikaambiwa shilingi 180,000 kwa kwenda na kurudi, na dereva akasisitiza kwamba mizunguko ya huko ingehesabiwa peke yake. Basi lilisimama mno hadi Tegeta, lakini baada ya Bunju barabara ilifunguka, na kwa kuwa asubuhi ya Jumatatu magari mengi huwa yanaingia jijini, sisi tulikuwa tunakwenda kinyume na msongamano. Tulifika kabla ya saa mbili za safari kutimia. Ninaloweza kulalamikia ni mizigo: mabegi yetu yaliwekwa karibu na mlango na kukanyagwa na kila abiria aliyeshuka, kwa hiyo anayesafiri namna hii afunge vitu vyake katika mabegi madogo ambayo kila mtu atashika lake.

Malazi ndiyo sehemu iliyotuudhi, na sitaitaja nyumba ile ya wageni kwa jina kwa sababu sina hakika kama kosa lilikuwa la mwenye mali au la kijana aliyekuwa zamu. Tulikuwa tumekubaliana kwa simu vyumba viwili kwa shilingi 35,000 kila kimoja kwa usiku. Tulipofika, bei ilikuwa imepanda hadi 45,000, na sababu tuliyopewa ni kwamba sasa ni msimu. Mama alimwita yule kijana, akapokea shikamoo yake, akamuuliza kwa upole kama msimu huo ulianza jana usiku au leo asubuhi. Tukaishia 40,000. Asubuhi iliyofuata tuligundua jambo la pili: kifungua kinywa kilichotajwa katika maelezo kilikuwa cha watu wawili kwa kila chumba, kwa hiyo watoto wawili kati ya watatu hawakuwamo katika hesabu ya chapati na mayai. Maji ya bomba nayo yalikatika tangu saa mbili usiku hadi alfajiri, tukaogea ndoo.

Hata hivyo nitakuwa mchoyo nisipoeleza mazuri yake. Vyumba vilikuwa chini, bila ngazi hata moja. Mashuka yalikuwa safi, vyandarua havikuwa na matundu, na uani kulikuwa na mwembe mkubwa wenye mkeka chini yake, ambapo mama alikaa kwa saa nyingi kuliko sisi sote. Zaidi ya yote, tuliruhusiwa kutumia jiko la mkaa la uani bila malipo, na ruhusa hiyo peke yake iliokoa fedha kuliko punguzo lolote la bei ya chumba. Kwa anayepanga safari kama yetu, shauri langu ni kwamba aulize mambo manne kabla ya kutuma malipo ya awali, na aulize kwa ujumbe wa maandishi ili majibu yabaki kwenye simu: bei ya chumba kwa siku zile hasa, idadi ya watu wanaopewa kifungua kinywa, kama kuna tangi la maji la akiba, na kama mgeni anaruhusiwa kupika.

Sasa nifike kwenye bahari, kwani hapo ndipo familia nyingi hukosea na kurudi zikiisema vibaya Bagamoyo bila haki. Pwani ile ni tambarare sana. Maji yakipwa huondoka mbali, yakaacha uwanja mpana wa mchanga mzito wenye tope, ngalawa zikiwa zimelala ubavu, na mtu aliyefika saa nne asubuhi na watoto waliokwisha kuvaa nguo za kuogelea hudhani amedanganywa. Saa sita baadaye mahali pale pale pana maji ya kifuani. Tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, katika pwani yetu huzidi mita 3, na hakuna hoteli, iwe ya bei gani, inayoweza kukubadilishia jambo hilo.

Bahati nzuri ni kwamba bahari haifichi ratiba yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni siku za bamvua, na katika pwani hii maji ya bamvua hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa katikati ya asubuhi. Katika siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mpango hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, ingawa hayajai sana, na alasiri huwa yamepwa. Kila siku majira hayo huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Kwa hiyo mzazi mwenye kalenda ya mwezi anaweza kuchagua siku za likizo yake kabla hajauliza bei ya chumba. Sisi tulichagua siku mbili baada ya mwezi kuandama, na mpango ukajiandika wenyewe: asubuhi tulitembea mjini au kwenye uwanja wa maji yaliyopwa, mchana tulilala, na kuanzia saa kumi alasiri watoto waliogelea jua likiwa limekwisha poa.

Nikiri kwamba sikutarajia watoto wangefurahia kupwa kuliko kujaa. Asubuhi ya Jumanne tulitembea hadi mbali kwenye uwanja ule, tukiwaangalia kina mama waliokuwa wakiokota chaza na kombe, na watoto wakafukuza vijikaa vilivyojificha mashimoni kwa kasi ya ajabu. Burudani hiyo haikugharimu hata senti moja, na ilichukua saa mbili na nusu. Ni lazima tu kuvaa viatu vya plastiki, kwani makombe yaliyovunjika hukata miguu, na ni lazima kugeuka mapema, kwa sababu kwenye pwani tambarare maji yanaporudi hurudi haraka kuliko mtoto wa miaka 4 anavyoweza kutembea. Sehemu tuliyoogelea hatukuona mwokoaji yeyote, kwa hiyo mimi na mke wangu tulipeana zamu ya kusimama majini, na tunashauri familia nyingine zifanye hivyo. Upepo wa kusi nao mwezi Juni huvuma kwa nguvu alasiri. Haukuzuia kuogelea, ila watoto walitoka majini wakitetemeka, na kanga mbili za mama ndizo zilizotuokoa. Nitaje hapo hapo kwamba Bagamoyo ni mji wenye Waislamu wengi na misikiti ya zamani, na kupita mitaani na nguo za kuogelea ni utovu wa adabu ambao wenyeji huuvumilia kwa kunyamaza. Jifungeni kanga.

Chakula kilikuwa bora na rahisi, kwa kuwa tulikitafuta wanakokitafuta wenyeji. Soko la samaki liko ufukweni, karibu na majengo ya forodha ya zamani, na vyombo vinapoingia, samaki hutandazwa chini na kunadiwa kwa mafungu. Mgeni asiyejua mnada asijaribu kushindana na wachuuzi, maana wao hupandisha bei kwa kukonyeza jicho tu. Asubiri fungu linunuliwe, kisha anunue kwa mchuuzi aliyeshinda, ambaye ataongeza faida kidogo na wote watabaki na amani. Jioni ya kwanza tulinunua changu watatu wakubwa na tasi kadhaa kwa shilingi 25,000, tukawalipa vijana wa kuwaparua, na wakaangaji wenye makarai makubwa wakawakaanga nusu palepale kwa shilingi 5,000. Nusu ya pili tuliipeleka uani kwetu, mama akaipika kwa nazi na ukwaju. Wali tulinunua kwa mama lishe wa jirani, aliyetupimia kwenye sufuria yetu wenyewe. Asubuhi, ili kuziba pengo la kile kifungua kinywa cha watu wawili, tulinunua vitumbua na mihogo ya kukaanga mtaani.

Tulijaribu pia mgahawa mmoja wa ufukweni, mchana wa Jumanne, kwa kuwa binti yetu alitaka picha ya meza yenye mwavuli. Sahani nne za chipsi na kuku ziligharimu karibu sawa na chakula chetu cha siku nzima, zilikuja baada ya saa moja na robo, na kuku alikuwa amekaangwa mara mbili. Picha ilipatikana. Hatukurudi.

Kuhusu historia, ambayo ndiyo sababu ya walimu kuwapeleka wanafunzi Bagamoyo kwa mabasi, nitasema kwamba sehemu iliyostahili muda na fedha zetu kuliko nyingine ni Misheni ya Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Wamisionari hao walifika mwaka 1868, na kanisa lao la kwanza lilijengwa mwaka 1872. Unaingia kwa njia iliyopandwa miembe mikubwa pande zote mbili, kivuli chake kikifika karibu na bahari, na mzee anaweza kutembea hapo kwa mwendo wake bila mtu kumharakisha. Makumbusho yake ni madogo, lakini yamepangwa kwa akili: picha za zamani, vifaa vya nyumbani, na minyororo ya watumwa, ambayo watoto waliitazama kimya. Mtoto wetu wa miaka 9 aliuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria, yaani watumwa ambao misheni iliwanunua ili wawe huru walikwenda wapi baada ya kununuliwa. Mwongozaji wa pale alimjibu bila kumdharau: kwamba wengi wao hawakuwa na njia ya kurudi makwao, na kwamba misheni iliwajengea kijiji, wakalima na kuoa na kuzaa hapohapo.

Kwenye mnara mdogo wa kanisa lile ndipo ulipolazwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari mwaka 1874. Alikuwa amefariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na mwili wake ulibebwa kwa miguu hadi pwani na watu waliokuwa wakisafiri naye, Chuma na Susi wakiwa vinara wao, kabla ya kuvushwa Unguja na kusafirishwa kwenda Uingereza. Binti yangu alishangaa kwamba mnara una jina la aliyebebwa badala ya majina ya waliobeba, na mimi sikuwa na la kumjibu. Kitindamimba hakujali hayo yote. Yeye alivutiwa na mbuyu ulioko uwanjani, ambao umeumeza polepole mnyororo uliofungwa shinani mwake zamani, ukabaki ukionekana kipande kidogo tu. Alijaribu kuuvuta.

Mji mkongwe wenyewe unatembelewa kwa miguu, na hapa ndipo penye siri ya unafuu wa Bagamoyo ukilinganisha na miji mingine ya mapumziko. Kutoka Ngome Kongwe, iliyojengwa karibu na mwaka 1860 na baadaye ikatumiwa na Wajerumani na hata na polisi, hadi Boma la Wajerumani, hadi soko la samaki, hadi nyumba zenye milango ya nakshi, ni mwendo wa familia yenye mtoto mdogo. Katika mji ambako kila kivutio kiko kilomita 20 kutoka kingine, fedha ya watu sita huishia kwa madereva. Sisi, kwa siku tatu, tulitumia shilingi 28,000 tu kwa bajaji za ndani, na 20,000 kati ya hizo zilikuwa za safari moja ya Kaole.

Tulimkodi mwongozaji kwa shilingi 15,000 kwa mzunguko wa saa mbili. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye sauti, na alijua kila mlango. Lakini nina neno naye, na pengine ni neno na waongozaji wengi. Alipoeleza asili ya jina la mji alisema kwa uhakika kwamba watumwa waliofika hapa walibwaga mioyo yao kwa sababu wasingeona makwao tena. Simulizi hiyo ipo na ina uzito wake. Ipo pia nyingine, inayosema kwamba ni wapagazi, waliobeba pembe za ndovu kwa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Ujiji, waliobwaga moyo, maana yake walitua mzigo na kupumzika, kwa kuwa hapa ndipo safari ilipokwisha. Jengo la Karavanserai, ambako misafara hiyo ilikuwa ikipumzika, tulikuwa tumesimama uwanjani mwake wakati akisema hayo, naye hakuwataja wapagazi hata kidogo. Mtoto wa miaka 9 anaweza kubeba maelezo mawili kwa pamoja. Hakuna haja ya kumchagulia lile linaloumiza zaidi. Nilipomuuliza kando, yule kijana alicheka akasema kwamba wageni hupenda la kwanza.

Jambo alilolieleza vizuri ni habari ya Wajerumani, ambao waliifanya Bagamoyo kuwa makao makuu ya koloni lao hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam kwa ajili ya bandari yenye kina. Pwani ile ile tambarare iliyowafurahisha watoto wetu asubuhi ndiyo iliyoifukuzia Bagamoyo meli kubwa, na kwa hiyo ndiyo iliyotuachia mji mdogo, wenye utulivu na bei za chini. Boma lao, la mwaka 1897, lilikamilika wakati makao yalikwisha hama. Baadhi ya majengo yamechakaa kiasi cha kusikitisha, na mzazi asiwaache watoto kupanda juu ya kuta za matumbawe ambazo chokaa yake imekwisha.

Magofu ya Kaole yako kiasi cha kilomita 5 kusini mwa mji. Mama alichagua kubaki chini ya mwembe na kitindamimba, tukaenda wanne kwa bajaji moja, na dereva akatusubiri kwa bei tuliyopatana mapema. Kuna mabaki ya misikiti miwili, mmoja ukiwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe, ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Vipande vya vyombo hivyo vimehifadhiwa katika chumba cha makumbusho palepale. Kaole ilikuwa bandari kabla ya Bagamoyo, na mikoko ndiyo iliyoiziba. Ukisimama ukingoni mwa magofu ukaiangalia mikoko hiyo, unaelewa kwa macho jambo ambalo kitabu cha darasani hulieleza kwa aya mbili. Halafu kuna mbuyu ambao, kwa mujibu wa wenyeji, ukiuzunguka unaongezewa umri. Watoto waliuzunguka mara saba. Mke wangu aliuzunguka mara moja, akasema inatosha.

Katika vivutio vya Serikali, Mtanzania hulipa sehemu ndogo ya kile anacholipa mgeni kutoka nje, kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo inayotolewa getini, ile ambayo watu huiita kontrol namba, na hulipwa kwa simu. Mtu asiende na noti peke yake akidhani zitapokelewa. Weka salio la kutosha kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, na kifurushi pia.

Kuna mambo ambayo familia itayakosa. Baada ya saa mbili usiku, katikati ya juma, hakuna la kufanya isipokuwa kuzungumza, na binti yetu alilalamika usiku wa kwanza kabla ya kugundua kwamba bibi yake ana hadithi ambazo hakuwahi kuzisimulia mjini. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanzishwa kama chuo cha sanaa mwaka 1981, ndiyo ingetupatia ngoma na maigizo, lakini hatukukuta onyesho siku zile. Anayetaka ngoma aende wakati wa tamasha la kila mwaka la taasisi hiyo, ambalo kwa kawaida hufanyika kati ya Oktoba na Novemba, na akubali kwamba vyumba vitakuwa ghali na haba. Takataka za plastiki ufukweni karibu na soko ni nyingi, na hazina udhuru. Vijana wanaouza vinyago na kuomba kuwa waongozaji huandama, ingawa jibu moja la heshima kwa Kiswahili hutosha kuwageuza, na kwa bei ya mwenyeji hupungua hamu.

Nimeahidi hesabu, nayo ni hii. Usafiri wa kwenda na kurudi, pamoja na bajaji za kutufikisha Makumbusho na kuturudisha, ulikuwa shilingi 55,000. Vyumba viwili kwa usiku mbili vilikuwa 160,000, ambavyo ndivyo vilivyokula fedha nyingi kuliko kitu kingine. Chakula chote cha siku tatu, ukiwemo ule mchana wa mwavuli, kilikuwa 135,000. Bajaji za ndani, kama nilivyosema, 28,000. Viingilio vyote pamoja na mwongozaji 40,000. Na vitu vidogo visivyo na jina, kama madafu, kikapu cha ukindu alichokipenda mama na mananasi ya kurudi nayo nyumbani, 22,000. Jumla ni shilingi 440,000, ikabaki 60,000. Kama tungepata vyumba kwa bei tuliyoahidiwa, na kama tusingekaa chini ya ule mwavuli, tungelala usiku wa tatu. Familia ya watu wanne yenye chumba kimoja inaweza kufanya safari hii hii kwa fedha ndogo zaidi, ilimradi isitafute chumba kinachotazama bahari, ambacho bei yake ya usiku mmoja inaweza kuwa sawa na malazi yetu yote.

Hatukwenda kwa mashua kwenye mdomo wa Ruvu kutazama viboko na mikoko, wala hatukuifikiria Hifadhi ya Saadani, kwa sababu zote mbili zinahitaji chombo cha kukodi, na chombo cha kukodi kingeivunja bajeti ile. Kwa Desemba tumekwisha kubaliana kuweka fedha ya mashua peke yake, nje ya hesabu nyingine, na kulala katika nyumba nyingine ya wageni.

Tulirudi Jumatano. Mtu aondoke Bagamoyo kabla ya saa saba mchana, ili apite Tegeta na Mwenge kabla ya foleni ya jioni. Sisi tuliondoka saa sita na nusu, tukiwa na mananasi manane ya Kiwangwa ambayo kondakta aliyaita mzigo na kuyatoza shilingi 1,000. Mama alimlipa kwa nanasi moja, akakubali.